Shule ya mapokeo au shule ya mwelekeo mpya hapa Dodoma? Tujadili kupitia daftari la binti yangu

Mama wa Nzuguni (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Nina jambo lililoninyima usingizi kwa mwezi mzima sasa, na nimelileta hapa nikijua kwamba wapo wazazi wenzangu, wapo walimu walio kazini na waliostaafu, na wapo waliosomesha watoto katika shule za aina zote mbili nitakazozieleza.

Binti yangu alianza Darasa la Kwanza Januari 2024, mwezi uleule mtaala mpya ulipoanza kutumika, kwa hiyo elimu yake ya msingi itaishia Darasa la Sita badala ya la Saba. Sasa anamaliza Darasa la Pili katika shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza ambayo sitaitaja. Ni shule ya mapokeo kwa kila hali: madawati yamepangwa kwa mistari, mwalimu yuko mbele na chaki yake, watoto wanaitikia kwa pamoja, kila mwisho wa mwezi kuna mtihani, na orodha ya nafasi walizoshika hubandikwa mlangoni, mahali ambapo mzazi anayepita kwenda kwa mhasibu hawezi kukosa kuiona. Tulipohamia Dodoma baada ya ofisi ya mume wangu kuhamishiwa Mji wa Serikali wa Mtumba, tuliichagua shule ile kwa sababu moja tu, kwamba kila tuliyemwuliza alituambia inafaulisha.

Jumamosi moja jioni nilikuwa nakagua madaftari yake, nikafika kwenye ukurasa wa Hisabati wenye maswali 10 ya kutoa kwa kukopa. Sita yalikuwa yamejibiwa, na yote sita yamepata vema ya kalamu nyekundu. Manne yalikuwa wazi, hayana hata alama ya ufutio kuonyesha kwamba aliwahi kuandika kitu akakifuta. Nikarudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa, nikakuta ni vilevile tangu muhula uliotangulia: vema, vema, wazi, vema, wazi. Katika daftari zima sikuona kosa hata moja.

Nilimwita nikamwuliza kwa upole kwa nini haya manne hakuyafanya. Akanijibu kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi kwa kila mtu: "Mama, nikikosea nachapwa. Nikiacha wazi naambiwa tu nikamalizie nyumbani."

Nikachota maharage jikoni, nikamhesabia 52 mezani, nikamwambia atoe 27. Akayapanga mafungu matano ya kumikumi na mawili pembeni, akavunja fungu moja, akatoa, akaniambia zimebaki 25. Hakuchukua hata dakika mbili. Swali lile lilikuwa mojawapo ya yale manne.

Sasa ipo shule nyingine upande wa Ilazo, changa kidogo, inayojieleza kuwa inamweka mtoto katikati. Watoto hukaa kwa makundi, hujifunza kwa kutenda, hakuna fimbo, hakuna nafasi za kwanza na za mwisho mpaka wafikie madarasa ya juu. Ada yake inakaribia mara mbili ya tunayolipa sasa, na tukijibana tunaweza. Ninachoogopa ni kumwondoa mtoto mahali panapofaulisha na kumpeleka mahali ambapo atacheza miaka minne, kisha mtihani wa taifa umkute hajui kitu. Naomba mwenye uzoefu anisaidie.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Nimefundisha miaka 34, wilaya tatu za mkoa huu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifundisha kwa ubao na chaki kwa sababu hakukuwa na kingine. Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo naona umeyafunga katika furushi moja.

La kwanza ni viboko. Mtoto kuchapwa kwa kukosea hesabu si mapokeo, ni uvunjaji wa kanuni. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila mara viandikwe katika kitabu. Kukosea kukopa kutoka kwenye makumi hakumo. Nenda kwa mwalimu mkuu ukiwa na daftari hilo mkononi, usiende na maneno matupu, na umwulize kitabu cha adhabu kinasemaje.

La pili ni ufundishaji wenyewe. Wazazi wa siku hizi wakisikia kwamba watoto wanaimba jedwali la kuzidisha asubuhi wanadhani ni ushamba. Mimi nasema mtoto ambaye saba mara nane inamtoka kinywani bila kufikiri ana akili iliyobaki huru kwa ajili ya swali lenyewe, na yule anayehesabu vidole kila mara huchoka kabla ya kufika katikati. Kukariri kitu ulichokielewa ni akiba.

Tena tusijidanganye kwamba kujifunza kwa kutenda kumeletwa na shule za ada kubwa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na shule zetu zikawa na mashamba, mabanda ya kuku na karakana. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Pale ambapo mwalimu alitufanya tupime shamba, tukadirie mavuno, kisha tulinganishe makadirio na magunia, tulijifunza hesabu ambazo hazijanitoka hadi leo. Pale ambapo tulipewa majembe tu tukalima mpaka jua la saa sita, tulichojifunza ni kuchukia jembe. Shamba lilikuwa lilelile, na sera ilikuwa ileile. Kwa hiyo mtu akiniambia watoto wa shule fulani wanafanya miradi, mimi humwuliza mwalimu husimama wapi wakati mradi unaendelea na husema nini.

Kuhusu kufaulisha, uliza pia wangapi waliingia Darasa la Kwanza na wangapi walifika kwenye mtihani wa mwisho. Zipo shule ambazo wastani wake mzuri umetokana na kuwakaririsha darasa au kuwaondoa watoto wazito kabla hawajauharibu, ingawa Serikali imekwisha kulikataza jambo hilo. Baraza la Mitihani nalo liliacha kutangaza shule 10 bora kuanzia matokeo yaliyotoka mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023, na mimi nililiunga mkono, maana orodha ile ilikuwa imegeuka kuwa tangazo la biashara.

Baba wa Ilazo

Dada, mimi nimesomesha katika shule ya aina hiyo ya pili, si hiyo unayoitaja, nyingine, na nitakueleza yaliyonipata bila kuongeza wala kupunguza.

Kijana wangu aliingia Darasa la Kwanza akiwa mchangamfu, na uchangamfu huo waliutunza kweli. Hakuwahi kulia asubuhi, hata Julai ile baridi ya Dodoma inapouma na upepo ukileta vumbi mpaka ndani ya soksi. Alikuwa anajua majina ya ndege, anajua maji yanafikaje bombani, anaweza kusimama mbele ya watu wazima akajieleza. Kila mwisho wa muhula nilipewa ripoti ndefu yenye maneno mazuri: anashirikiana, ana udadisi, anakua vizuri. Sikupata namba hata moja, na sikuiomba kwa sababu niliona aibu kuonekana mzazi wa kizamani.

Katikati ya Darasa la Tatu bibi yake alikuja kutoka Kondoa, akampa barua fupi ya shangazi yake amsomee, kwa Kiswahili, aya tatu. Mtoto aliitazama barua, akaanza kumweleza bibi habari za shangazi kwa jumla, kwa ufundi mkubwa, bila kusoma neno lolote. Bibi alinyamaza, akaichukua barua yake. Usiku akaniambia, "Mwanao ana akili nyingi kiasi kwamba ameweza kuwaficha wote."

Tulimtafutia mwalimu wa kumfundisha jioni, na tulirudi kwenye silabi kabisa: ba, be, bi, bo, bu. Ilichukua miezi saba. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne alikuja kuufanya, na alivuka, lakini nilimwona kijana aliyekuwa hajui woga akijifunza kuona aibu akiwa na miaka tisa. Sisemi shule zote za namna hiyo ziko hivyo. Ninachosema ni kwamba mtoto anayefichwa kosa lake kwa maneno mazuri anaumia kama yule anayechapwa, isipokuwa yeye anaumia baadaye.

Mwalimu wa Awali, Miyuji

Naomba niongeze neno, kwa sababu nafundisha watoto wa awali kwa njia ya Montessori na mara nyingi njia hiyo inaingizwa katika kapu la "kuwaachia watoto wacheze".

Daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, katika mtaa wa maskini, na hakuwaachia tu. Nichukue kifaa kimoja ambacho ninacho hapa darasani, gogo la mbao lenye matundu 10 na vibao 10 vya mviringo vyenye vishikio, kila kimoja kwa tundu lake. Mtoto akikitia chembamba katika tundu pana, hakuna atakayemwambia chochote. Ataendelea, na mwishoni atabaki na kibao kimoja kinene ambacho hakiingii kwenye tundu lililosalia. Hapo hutulia, hutazama, kisha huanza kuvitoa. Kazi yangu ni kukaa kimya, na ninawaambia kwa dhati kwamba ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za ualimu wangu.

Kwa hiyo, Mama, mimi nadhani swali lako umekwisha kulijibu nusu kwa lile daftari. Nenda katika shule zote mbili, uketi nyuma ya darasa, na utazame jambo moja tu: mtoto akikosea, kosa lile linafanywa nini?

Mjomba wa Kibaigwa

Nimefuatilia. Naona wote mmeacha jambo la gari. Mtoto wa Nzuguni anayesoma upande mwingine wa jiji huamka saa ngapi? Mimi nimewaona wanaosimama barabarani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kichwa kimelalia begi. Mtoto wa miaka minane aliyelala saa sita tu hafundishiki kwa njia yoyote, iwe ya mapokeo au mpya. Mkishindwa, kwa nini msimpeleke bweni akatulia?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Ndugu yangu, bweni kwa umri huo halipo tena. Kamishna wa Elimu alitoa waraka mwaka 2023 kuzuia bweni kwa watoto kuanzia awali hadi Darasa la Nne, ila kwa kibali maalumu. Nami naona ni sawa kabisa, mtoto wa miaka minane anamhitaji mama yake jioni. Ila la gari umesema kweli, na mzazi alipime kwa saa, asilipime kwa kilomita.

Mama wa Nzuguni

Shikamoo Mwalimu. Asanteni nyote, na Mwalimu wa Awali nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa sababu nilifuata shauri lako kama lilivyo. Nimechukua siku mbili za likizo, nimekaa asubuhi nzima katika kila shule. Naomba niwaeleze kwa kirefu kidogo, maana nilichokiona hakikufanana na nilichokitarajia upande wowote.

Nilianza na shule ya Ilazo. Darasa la Tatu lilikuwa na watoto 22, na siku hiyo walikuwa nje kwenye kipande cha shamba wanachotaka kupanda mizabibu. Mwalimu, kijana wa miaka isiyozidi thelathini, aliwapa kamba ya mita 30 na kuwaambia kwamba nguzo za kushikilia waya zitakaa kila baada ya mita tano, kwa hiyo waende stoo wachukue nguzo zinazotosha mstari mmoja. Watoto wakagawanya 30 kwa tano, wakakubaliana kwa kelele kubwa kwamba ni sita, wakaenda, wakarudi na nguzo sita. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema sita moyoni.

Wakachimba. Ya kwanza mwanzo wa kamba, ya pili mita tano, ya tatu mita kumi, na kadhalika, mpaka ya sita ikasimama kwenye mita 25 na kamba ikawa bado inaendelea hadi mwisho bila nguzo. Walitazamana. Mmoja akasema kamba imevutika. Wakaipima tena, ni 30. Mwingine akasema aliyehesabu amekosea, wakahesabu tena. Mwalimu alikuwa amechuchumaa kando, mikono magotini, hakusema neno, na nilimwona kabisa akijizuia. Ndipo msichana mmoja mfupi akaanza kutembea kando ya mstari akigusa nguzo kwa mkono wa kulia na kuhesabu nafasi kwa sauti, akafika mwisho akasema, "Nafasi ni sita, lakini ya mwanzo nayo inataka mlinzi." Akakimbia stoo kuleta ya saba. Mwalimu akasimama, akawaita chini ya mti, akawauliza kama mstari ungekuwa wa mita 50 ingekuwaje, na mikono yote ikapanda. Nilitamani binti yangu awepo pale.

Baada ya mapumziko nikaingia kwenye kipindi cha kusoma, darasa lilelile. Kuna kona nzuri yenye zulia na vitabu vya picha, na kila mtoto huchagua chake. Nilikaa karibu na mvulana mmoja aliyekuwa akinisimulia kitabu chake kwa furaha, ukurasa kwa ukurasa. Nikakumbuka barua ya bibi wa Kondoa. Nikaweka kiganja juu ya picha nikamwambia, "Hebu nisomee hapa chini, baba." Akanyamaza. Alinitazama usoni kama mtu aliyefumaniwa, na mimi niliumia, nikaondoa mkono. Nilipomwuliza mwalimu mkuu ni kwa namna gani wanajua kila mtoto amefikia wapi katika kusoma, alinionyesha jalada zuri lenye picha za watoto wakiwa na vitabu mikononi. Kumbukumbu ya kusoma kwa kila mtoto hawakuwa nayo.

Siku ya pili nilikwenda shule tuliyopo. Kwa mwalimu wa Hisabati nitasema kwa kifupi: fimbo ipo, iko juu ya meza pembeni ya boksi la chaki, na hata asipoinyanyua watoto huitazama kwanza kabla ya kunyoosha mkono. Nilimfikishia mwalimu mkuu daftari kama Mwalimu alivyonielekeza. Alinisikiliza, akaahidi kulishughulikia, lakini aliongeza kwamba wazazi wengi ndio wanaomwambia achape. Naamini anasema kweli, na hilo ni letu sisi wazazi.

Kisha nikaingia Darasa la Tatu, kwa mama mmoja wa makamo anayefundisha Kiswahili na Kiingereza. Watoto 41. Wakati wengine wakinakili zoezi ubaoni, yeye humwita mmoja mmoja mezani, anaweka rula chini ya mstari wa kitabu, na mtoto anasoma huku rula ikishuka. Mtoto akikwama kwenye neno, mama yule hamtajii. Anafunika nusu ya neno kwa kidole, mtoto anasoma silabi zilizoachwa wazi, anafunua zilizobaki, mtoto anaunganisha. Kisha anaandika kwa penseli katika daftari dogo lenye ganda la kaki: tarehe, jina, neno lililomkwamisha. Aliniruhusu kulifungua. Kila mtoto ana ukurasa wake, na maneno yaliyomkwamisha Februari yamekatwa kwa mstari mmoja siku aliyoyaweza. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Alisema alifundishwa na mwalimu wake wa mazoezi alipokuwa chuoni.

Nilipotoka nilikaa kituoni muda mrefu, magari yakipita. Yule kijana aliyechuchumaa na yule mama wa rula wanafanya kazi moja, na hakuna mmoja wao anayefanana na tangazo la shule yake. Ningekuwa na uwezo ningewaweka katika jengo moja.

Jambo moja zaidi lililoniuma, ingawa si kiini cha uzi. Katika shule tuliyopo, mtoto akisikika anazungumza Kiswahili uwanjani huvishwa kibao shingoni, na anakivaa mpaka amkamate mwingine akizungumza Kiswahili. Nilimwona mmoja amekivaa amekaa peke yake chini ya dirisha. Natamani mtoto wangu akijue Kiingereza vizuri sana, lakini simtaki aone haya kwa lugha anayoniitia mama.

Baba wa Ilazo

Dada, umenifanya nisome mara mbili habari za kiganja juu ya picha. Uamuzi ni upi?

Mama wa Nzuguni

Mimi na baba yake tumekaa siku tatu tukilizungumza. Kama ningehakikishiwa kwamba binti yangu atakuwa na yule mama wa rula kwa miaka miwili, ningebaki. Lakini mwalimu wa Hisabati ndiye atakayepanda na darasa hadi la Nne, na ualimu wa darasa hupangwa upya kila Januari. Tumeamua kumhamishia Ilazo. Kilichoniamua ni zile nafasi wazi, kwa maana mtoto aliyeacha kujaribu akiwa na miaka minane hawezi kungoja miaka miwili ili aruhusiwe kukosea.

Sikumpeleka kwa kufumba macho. Nilimwandikia mwalimu mkuu wa Ilazo barua, nikaeleza nilichokiona kwenye kona ya kusoma, nikaomba kwamba kila baada ya wiki mbili mtoto asikilizwe akisoma maandishi yasiyo na picha, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na iandikwe alipokwama. Nilidhani ataudhika. Alinipigia simu akasema wazazi wengine wawili waliwahi kulalamika kwa mdomo, na akaomba nimweleze lile daftari la kaki lilivyo.

Kuhusu gari, Mjomba, umbali umepungua. Ataamka saa kumi na mbili kasoro.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Mwanangu, mimi ningebaki na yule mama, na ningepambana na ile fimbo mpaka iondoke mezani, kwa sababu ukiondoka wewe watabaki watoto 40 na mwalimu wao yuleyule. Nasema hivyo bila kukulaumu, wewe ni mzazi na una mtoto mmoja wa kumtazama kwanza. Ila malalamiko yako usiyaache ukihama. Yapeleke mbele kwa Afisa Elimu Kata, kwa maandishi, na nakala ya daftari. Vilevile mfundishe jedwali la kuzidisha nyumbani, maana nina hakika huko Ilazo hawataliimba.

Mama wa Nzuguni

Nimekuelewa, Mwalimu, na neno lako la watoto 40 limenichoma. Barua kwa Afisa Elimu Kata nimeiandika na nimeipeleka mwenyewe leo asubuhi, na wazazi wenzangu watatu wa darasa lile wameweka sahihi zao.

Mama wa Nzuguni (mrejesho)

Ndugu zangu, niliahidi mrejesho. Muhula wa kwanza wa Darasa la Tatu umekwisha.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mgumu kuliko nilivyofikiri. Binti aliendelea kuacha nafasi wazi ingawa hakukuwa na wa kumchapa. Mwalimu wake aliniambia kwamba akipewa kazi ya kundi hukaa kando akingoja wenzake waseme jibu, ndipo anaandika. Nilianza kujuta. Niliongea na Mwalimu wa Awali wa Miyuji kwa ujumbe, naye akaniambia niache kumwuliza "umepata ngapi?" anaporudi, na badala yake nimwulize "leo nini kilikusumbua?" Wiki tatu za kwanza alijibu hakuna. Wiki ya nne akasema, "Hesabu za sehemu," akanieleza mpaka chakula kikapoa.

Kusoma tunafanya nyumbani kila jioni dakika 15, kwa rula, chini ya mstari, kama nilivyoiba kwa yule mama. Nina daftari langu la kaki. Neno "yanayotiririka" lilimkwamisha Februari kwa siku tano, na limekwisha kukatwa. Shule nayo imeanza kuwasikiliza watoto kila baada ya wiki mbili, na mwalimu ameniambia kwa uwazi kwamba wamegundua watoto sita wa darasa lile waliokuwa wakisimulia picha. Yule mvulana ni mmoja wao, na sasa anasoma aya fupi. Jedwali la kuzidisha, Mwalimu, tunaliimba tukitembea kwenda kupanda gari, na tumefika la nane.

Kutoka shule ya zamani nimesikia kwa mzazi mmoja kwamba fimbo haiko tena mezani. Kibao cha shingoni bado kipo, na barua ya pili ninaiandika.

Jana usiku nilifungua daftari lake la Hisabati. Swali lilikuwa la kugawa 96 kwa nne. Ameandika 21, akaikata mwenyewe kwa mstari mmoja. Chini yake 26, ameikata. Chini ya hiyo 24, na pembeni amechora mafungu manne ya vidoti, vidogo kama mbegu za mchicha, kila fungu limezungushiwa duara. Mwalimu hakuandika vema. Ameandika kwa penseli, "Ulijuaje kwamba 26 si yenyewe?" na binti yangu ameanza kujibu kwa mwandiko wake uliolala upande: "Kwa sababu nilirudisha mara nne ikanizidi, ndipo ni".

Hapo alisinzia. Nimeliacha daftari wazi mezani ili baba yake alione akirudi kutoka Mtumba.